Sentimita za Fundi

Fundi cherehani aliamka na njaa, kwa sababu damu yake ilitakiwa kupimwa kabla hajatia chochote tumboni. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba ombi fupi: "Mola wangu, leo tepu ya kupimia kiuno kliniki inionee huruma."

Hakuomba kwa mzaha. Kwa miaka sita alikuwa akinywa dawa iliyonyamazisha sauti zilizokuwa zikimtukana kutwa, hadi akashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Dawa ilimrudishia akili, cherehani na wateja. Ila ilimletea pia hamu ya kula isiyo na breki, na tumbo likahamia mbele yake kama mgeni asiyeaga. Na kwenye foleni ya kliniki alikuwa amesikia kwamba anayenenepa hunyang'anywa dawa.

"Unasali au unajificha?" dada yake mkubwa aliuliza kutoka mlangoni. "Twende, tumbo lako limeshatangulia."

"Dada, mheshimu mgonjwa."

"Namheshimu. Ndiyo maana nimemfichia sukari."

Kliniki, mzani ulikuwa umeisha betri, kwa hiyo kiuno ndicho kilichobaki kutoa ushahidi. Nesi mpya, mama wa makamo mwenye miwani kwenye ncha ya pua, alimtoa damu, akampima presha, kisha akazungusha tepu pale mkanda wa suruali ulipokaa, chini kabisa ya tumbo. Tepu yenyewe ilikuwa ya kitambaa, kuukuu, imevutika kama lastiki ya soksi.

"Tisini na nne!" nesi alisema. "Mara ya mwisho ulikuwa mia na moja. Hongera, kaka!"

Ombi lilikuwa limejibiwa. Kilichobaki ni kusema ahsante na kwenda zake. Fundi akafika mlangoni, miguu ikagoma. Suruali iliyokatwa kwa kipimo kile ingepasuka kabla mvaaji hajakaa! Alijua uongo wowote ni dhambi, lakini uongo wa sentimita, kwake, ulikuwa ni kumrudishia Mungu mkono aliompa wa kufanyia kazi.

"Sista, samahani," alisema. "Hicho si kipimo."

"Unasemaje?"

"Tepu yako imevutika. Halafu umepima mkanda. Tumbo liko huko juu, linakucheka."

Dada akajishika kichwa. "Jamani! Mtu kapewa bure, anarudisha!"

Fundi alichomoa tepu yake mfukoni, akaipitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akashusha pumzi, akasoma mwenyewe. Mia na saba. Akamgeukia nesi. "Sasa mtaninyang'anya dawa?"

Nesi akavua miwani. "Nani kakudanganya? Tunapima ili uendelee kuinywa bila kuumia. Kwa ile tisini na nne yangu, sukari ingekunyemelea huku sisi tunakupigia makofi."

Majibu ya damu yalipotoka, daktari hakuigusa dawa. Sukari ilikuwa imepanda kidogo, bado haijafika kuitwa kisukari. Akamwambia apunguze soda, atembee nusu saa kila siku, arudi baada ya miezi mitatu. Likija suala la kubadilisha dawa, wataketi pamoja kulijadili, na hakuna kitakachofanywa ghafla. Ila naye asiache hata kidonge kimoja kwa uamuzi wake.

"Soda niachieni mimi," dada alisema, kwa furaha iliyomtisha Fundi kuliko ugonjwa.

Nesi aliomba kuazima tepu nzuri mpaka mchana, naye Fundi akabaki kumwonyesha pa kuiweka. Aliyefuata alikuwa bwana mmoja mnene. Alipoona tepu ikinyooshwa, akavuta tumbo ndani, macho yakamtoka.

"Pumua, ndugu yangu," Fundi alimwambia. "Hakuna atakayekunyang'anya dawa yako."

Bwana akaachia pumzi, na tumbo likarudi mahali pake. Nesi akaandika namba ya kweli.