Hatua Nukta Shuzi

Nilijua tangu dakika ile ile ya kwanza. Nasema mapema, usije ukanionea huruma huko mbele.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, pungufu kwa upana wa vidole vinne vya mkono. Shuleni walimwita Moja Kasoro. Nilimbeba mgongoni mpaka darasa la tatu, kisha akakataa kubebwa, akawa anakwenda mwenyewe, anapanda anashuka, mimi nyuma yake na mkoba wake, namtafuta wa kucheka. Waliocheka niliwapiga. Alipokua akajifunza kushona viatu, na jozi ya kwanza aliyoimaliza ilikuwa yake mwenyewe, soli ya kushoto nene kama kamusi. Akaivaa, akasimama, akaniambia, "Dada, niangalie mabega." Mabega yalikuwa sawasawa. Nililia kama mjinga.

Ndivyo ilivyoanza karakana ya Hatua. Tulitengeneza viatu vya watu wenye miguu isiyolingana, nyayo zilizopinda, vidole vilivyokatwa kwa sababu ya kisukari. Yeye alikata ngozi na kugandisha soli, mimi nilipokea simu na kuandika vipimo, na kwenye cherehani alikuwepo Mama Sindano, mwanamke mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki. Miaka kumi na moja tulikaa hivyo, watu watatu, na mimi sikuona kinachopungua.

Kisha mdogo wangu akaoa.

Wifi yangu alikulia ng'ambo. Alirudi na shahada ya masoko na Kiswahili kilichopigwa pasi: safi, sahihi, hakina mkunjo hata mmoja. Alikuwa mwema, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unajua pa kumshikia. Wiki ya kwanza alipaka kuta rangi. Ya pili akafunga intaneti ya Wi-Fi, kisanduku chenye taa ukutani. Siku hiyo hiyo alikalia kiti changu cha dirishani bila kujua ni changu, na mdogo wangu akaona, asimwambie ainuke. Mama Sindano akacheka mpaka akadondosha uzi. "Humu ndani sasa wifi kila kona," akasema. "Mmoja kitini, mwingine kasimama kanuna, wa tatu ukutani anawakawaka."

Baada ya miezi miwili wifi akasema Hatua inahitaji tovuti. Tulikaa mezani sote watatu. Alikuwa ameshafanya utafiti: hatua.com ilishachukuliwa zamani na mtu asiyejulikana, ambaye hakuweka hata ukurasa mmoja, ameilalia tu kama kuku kwenye yai viza, na bei aliyoitaja ingenunua karakana nzima na sisi tuliomo.

"Basi tuongeze neno," nikasema. "Viatu vya hatua, tuunganishe, nukta com. Com kila mtu anaijua. Hata asiyewahi kugusa kompyuta, mtajie tovuti yoyote, mwisho atamalizia mwenyewe."

"Linakuwa refu, wifi. Mtu akikosea herufi moja, tumempoteza. Siku hizi kuna miisho mipya, unaweza kumalizia na neno la biashara yako. Tazama." Akanigeuzia kompyuta. Kwenye kioo paliandikwa hatua.shoes. "Halijachukuliwa. Fupi, na mtu akilisoma tu anajua tunauza viatu."

"Na karani wa manunuzi wa hospitali? Akiona barua pepe yenye mkia asioujua, anaifuta bila kuifungua."

"Mwanzoni labda. Watazoea. Hata com kuna siku ilikuwa ngeni."

Tulivutana wiki nzima. Hoja zake hazikuwa mbaya, na zangu hazikuwa mbaya. Kuna waliochagua mkia wa zamani wakafanikiwa, na kuna waliochagua mpya wakafanikiwa. Yeye mwenyewe alisema tuchukue yote mawili, anayefungua moja apelekwe kwenye jingine. Mimi ndiye niliyekataa. Sikutaka nusu. Nilitaka mdogo wangu achague, na amchague dada yake.

Ijumaa akachagua. "Dada, tumwachie aliyesomea," akasema, huku macho yake yakiwa kwenye kipande cha ngozi mkononi.

Akaenda kuwasha mashine ya kusugulia soli. Wifi akatoka nje kupiga simu, furaha imemjaa. Mama Sindano akainua shingo kutoka kwenye cherehani, akakitazama kioo, akasoma kwa mdomo wake wa kawaida, mdomo usiokubali neno liishie hewani bila irabu.

"Hatua nukta... shuzi."

Kicheko kikamtoka puani. Nikalirudia kimoyomoyo kwa mdomo wake. Wifi yangu alilitamka kama walivyomfundisha huko alikokulia, akichongoa midomo kana kwamba anapiga mluzi, na mdogo wangu alimwiga kwa sababu alimpenda. Katika Kiswahili chake cha pasi, neno la upepo wa tumbo halikuwahi kupita. Lakini nje ya mlango wetu watu wote walikuwa na mdomo wa Mama Sindano.

"Tumwambie," Mama Sindano akasema, akifuta machozi ya kucheka. "Watamla nyama."

Nilimshika mkono, nikambana zaidi ya nilivyokusudia. "Wewe shona. Haya hayakuhusu."

"Dada..."

"Nimesema shona."

Nilitaka aaibike mara moja tu, mbele za watu, mdogo wangu akiwa anaona. Basi. Nilidhani aibu inakatwa kwa kipimo kama ngozi.

Wifi akaagiza kibao cha mlangoni, maboksi, na muhuri wa chuma wa kuchomea jina kwenye kisigino cha kila kiatu. Kabla ya kuagiza aliniletea karatasi yenye maandishi yote. "Wifi, hakiki wewe. Una jicho la makosa kuliko sisi." Nilivaa miwani, nikahakiki. Nikamrudishia. Nikamwambia herufi zote ziko sahihi.

Jozi thelathini na nane zilitoka na muhuri ule kabla ya siku ya uzinduzi.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa kukodi. Walikuja wateja wetu wa zamani, daktari wa mifupa, na redio iliyorusha moja kwa moja. Wifi alikuwa amevaa gauni la rangi ya kijani, amesimama kando ya bango lililofunikwa kitambaa. Kitambaa kikavutwa. Mshereheshaji, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akasoma kwa nguvu zote: "Karibuni wote kwenye hatua nukta shuzi!"

Ukumbi ukavuta pumzi, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Mshereheshaji akajisikia mwenyewe. "Jamani," akasema kwenye kipaza sauti, "shuzi?"

Ukumbi ukapasuka. Wifi, masikini, akadhani ni shangwe. Akapiga makofi nao. Akachukua kipaza sauti akasema kwa tabasamu, "Ndiyo! Hilo hilo, msilisahau!" Mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye tulimtengenezea viatu miaka saba, akaweka mdomo kwenye kiganja akatoa sauti ya lile jambo lenyewe, na hapo watu wakaanguka kutoka vitini. Wifi akamgeukia mumewe. Mdogo wangu akamsogelea akamnong'oneza sikioni, na mimi niliyekuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao niliuona uso wake ukijifunza neno jipya.

Nilisikia utamu. Siwezi kudanganya. Nilisikia utamu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kesho yake simu zikaanza. Ninainua, nasema, "Karakana ya Hatua, habari za asubuhi," na upande wa pili mtu anatoa sauti ile kwa mdomo, kisha kicheko cha kundi, kisha imekatwa. Ishirini kwa siku, thelathini. Wifi alikaa pembeni akizisikia zote. Hakuacha kuja kazini. Alipungua tu, kila siku kidogo, kama sabuni.

Mdogo wangu hakumlaumu. Alimwambia watu watachoka. Na huenda wangechoka, kama asingekuja mama yule.

Alikuja Jumatano asubuhi na binti yake wa darasa la tano, ambaye mguu wake wa kulia ni mfupi kwa vidole vitatu. Tulikuwa tumemkabidhi viatu vyake mwezi mmoja kabla, vyekundu, alivichagua mwenyewe, na mama yake alikuwa ametupigia kutuambia kwamba mtoto ameanza kuruka kamba. Sasa viatu vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, na mtoto amevaa kandambili, nyonga imeanguka upande mmoja.

Mama akaweka mfuko mezani. "Wanamkamata," akasema. "Wanne wanamshika, mmoja anainua mguu, wanasoma kisigino kwa pamoja kama wimbo. Akipita wanaziba pua. Jana wamemvua, wamevitupa chooni, wakamwambia vimerudi kwao." Alivuta pumzi. "Nimevitoa kwa fimbo, nimeviosha. Nimevirudisha. Sitaki vingine."

Mdogo wangu akapiga goti mbele ya mtoto, goti la mguu mzima. "Wanakuitaje, mama?"

Mtoto akamwangalia mama yake kwanza. "Shuzi."

"Mimi waliniita Moja Kasoro."

Mtoto akalifikiria hilo. Akasema, "Lako afadhali."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu akabaki palepale sakafuni, na hapo Mama Sindano akashindwa kuvumilia. Alisimama mpaka kiti chake kikaanguka. "Mimi nilimwambia Dada! Tangu siku ile ya kwanza nilimwambia tuseme! Akanibana mkono!"

Mdogo wangu akageuka kunitazama, bado amepiga goti. "Ulijua?"

Ningeweza kukana. Mama Sindano anajulikana kwa mdomo. "Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka umwone. Kwamba na digrii yake hajui kitu."

Akasimama taratibu, akishika ukingo wa meza. "Wale watoto uliokuwa unawapiga kwa kunicheka," akasema, "ulikuwa unawapigia nini?"

Wifi yangu alikuwa mlangoni, ameyasikia yote. Alisema jambo moja tu: "Nilikuletea karatasi uihakiki." Kisha akaenda kwenye kompyuta, akachukua lile jina refu lenye com nililolitaka mimi, akalilipia papo hapo, akaanza kuwaandikia wateja. "Wifi alikuwa sahihi kuhusu com," akamwambia mumewe bila kejeli yoyote.

Mdogo wangu akang'oa muhuri wa chuma, akaupeleka nje, akaupondaponda kwa nyundo. Aliporudi aliniwekea mbele yangu tupa moja ya kusugulia, na daftari la wateja.

"Viatu vyote vyenye jina lile utavifuata viliko," akasema. "Nyumba kwa nyumba. Utapiga hodi, utaeleza ulichofanya kwa mdomo wako, utasugua jina mbele yao. Ukimaliza cha mwisho, hapa tumemalizana."

"Mimi nimekulea."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana sikuitii polisi. Nenda."

Ilinichukua wiki sita. Nilijifunza kwamba chuma kikishachoma ngozi, tupa haitoshi. Unasugua mpaka kisigino kinabonyea. Baadhi walinipa stuli na maji ya kunywa. Mwanamume mmoja aliyekatwa vidole alinisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akaniambia nisugue nikiwa nimesimama juani. Yule mzee wa mstari wa mbele alinisimulia tena kichekesho chake, akatoa na ile sauti, akitegemea nicheke. Nikacheka.

Kwa binti wa viatu vyekundu nilikwenda mwisho. Nilikuwa na jozi mpya ndani ya boksi, nyekundu, haina neno lolote popote. Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa bado amevaa kandambili.

"Mama hayupo," akasema. Kisha akanitambua. "Wewe ndiye uliyekuwa unajua?"

"Ndiyo. Nimekuletea vingine. Havina jina."

Akaliangalia boksi, asiliguse. "Wao wanalijua hata kama halijaandikwa," akasema, akafunga mlango taratibu, kama alivyofundishwa, bila kuubamiza.

Niliacha boksi kizingitini. Nilisimama ng'ambo ya barabara karibu saa nzima. Mlango haukufunguliwa.

Nikampigia mdogo wangu kumwambia nimemaliza. Akapokea wifi.

"Ahsante, wifi," akasema kwa upole. "Funguo mwachie Mama Sindano."