Mkaguzi wa Kupe

"Inua mkono. Na huo mwingine. Sasa geuka, nione mgongo."

Wahu aligeuka. Alikuwa amesimama nyuma ya leso mbili zilizoshikwa na wenzake kama ukuta, pale msitu wa Elgoni unapokoma na mashamba kuanza, na baridi ya mlima ilimfanya acheke peke yake. Edinah hakucheka. Vidole vyake vilipita polepole chini ya ukosi, kwapani, kiunoni pale mshipi unapobana, hadi nyuma ya goti. Hapo vikasimama.

"Yuko hapa."

"Mkubwa?"

"Mdogo, kama mbegu ya sukuma. Tulia."

Alichukua kibano cha nyusi kutoka mfuko wa aproni, akamshika kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta bila kumpinda na bila haraka, kama mtu anayetoa uzi kwenye pindo asitake kuukata. Kupe akatoka mzima, miguu ikichezacheza. Edinah akapaosha mahali pale kwa sabuni, kisha akamtumbukiza kupe ndani ya kikopo cha spiriti.

"Kwetu Kinangop mama yangu alikuwa anawachoma na njiti ya kiberiti," Wahu alisema akivaa suruali.

"Hata sisi. Ama unampaka mafuta ya taa. Lakini ukimsumbua hivyo anatapika ndani yako, na hapo anakuachia ugonjwa. Mkwe wangu alikataza."

"Yule daktari? Si ulisema hamuongeagi?"

"Hatuongei. Alimwambia binti yangu Agneta, Agneta akaniambia."

Wanawake wa leso wakaangua kicheko. Wote walikuwa wa kanisa moja mjini Kitale, walimu na wenye maduka, ambao walianza kutembea mlimani Jumamosi baada ya mmoja wao kuambiwa ana presha. Wahu, mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Edinah walimwajiri kubeba sufuria. Alikuwa mjane wa Bokoli aliyeosha vyombo katika hoteli moja karibu na soko, na safari za kwanza alibaki kwenye gari akichunga moto. Siku moja akawafuata tu, kwa udadisi, hadi kwenye mianzi. Alipogeuka akaona nchi yote imelala chini yake, mahindi ya Trans-Nzoia na ng'ambo huko ukungu wa Bungoma, alisimama mpaka wakamwita. Tangu siku hiyo alipika alfajiri ili naye atembee.

Kazi ya ukaguzi ilimjia yenyewe. Alikuwa amekua akitoa kupe kwenye masikio ya ng'ombe wa baba yake. Akawafundisha kuingiza suruali ndani ya soksi, kutembea katikati ya njia, kutokalia nyasi ndefu. Hotelini aliitwa "wewe wa sahani". Hapa mlimani walimu waliinua mikono mbele yake na kungoja.

"Na wewe, nani anakuangalia?" Wahu aliuliza siku hiyo, wa mwisho alipokwisha kukaguliwa.

"Mimi nina ngozi ya nyati. Njooni mle, chakula kinapoa."

Kama wiki moja baadaye, akiwa mbele ya karai la vyombo, maji moto yalimtia baridi. Kichwa kilianza kumgonga nyuma ya macho. Alijikaza hadi jioni, na kesho yake Wahu akampeleka kwenye kliniki moja mjini. Kipimo hakikuonyesha malaria. Wakampa dawa za malaria, maana homa ilikuwa homa, na kila mtu alijua homa ni ya nini. Walimuuliza kama ana kidonda mahali popote. Alisema hapana.

Alikuwa nacho. Alikiona akioga, juu kabisa ya paja kwa ndani, kipele kidogo chenye kichwa cheusi. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Lakini aliwaza wale wanawake wakicheka nyuma ya leso, mkaguzi wa kupe ameumwa na kupe, na akaona afadhali akinyamazie. Kitapona. Ng'ombe wangapi wameumwa wakapona.

Dawa ziliisha, homa ikabaki. Akapanda gari akaenda kwao Bokoli kulala kwenye kitanda chake.

Agneta, binti yake, alikuja mbio kutoka ng'ambo ya mto alikoolewa. Alimkuta mama yake amejikunja, midomo imekauka, hawezi kutazama mwanga wa mlango. Akatoka nje, akapiga simu. Edinah alimsikia, akajaribu kuketi.

"Unaita nani?"

"Baba Wangila."

"Mwache. Nitaenda hospitali ya Webuye kesho."

"Mama, jana uliniambia kwa simu utaenda leo."

Baba Wangila ni Bramwel, mume wa Agneta, tabibu wa zahanati. Watu wote wa vijiji vile walimwita daktari na kumpelekea watoto, majipu na wazee wao. Edinah peke yake hakuweza. Kwa mila yao, mama mkwe na mkwewe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Akimwona kwenye njia ya sokoni, Edinah aliingia kwenye mahindi ya watu mpaka baiskeli ipite. Hakukuwa na ubaya kati yao. Kila Krismasi Bramwel alimletea sukari, akaiacha kwenye kizingiti. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, na miaka yote hiyo hakuna aliyeivunja.

Basi alipofika, hakuingia. Aliegemeza baiskeli, akaketi kwenye kigoda chini ya dirisha, mgongo ukutani. Edinah alivuta blanketi hadi kidevuni ingawa palikuwa na ukuta katikati.

"Agneta," sauti ya nje ilisema, "muulize Mama kichwa kinauma wapi."

"Mama, kichwa kinauma wapi?"

"Mwambie nyuma ya macho. Na shingo."

"Anasema nyuma ya macho. Na shingo."

"Muulize kama anatapika."

"Mama, unatapika?"

"Mwambie hapana. Chakula tu ndio sikitaki."

Agneta alimtazama mama yake, kisha akalitazama dirisha. "Si mnasikizana? Mimi ni mnara wa simu, ama?"

Nje kigoda kililia. Bramwel aliuliza dawa alizomeza, kama alizimaliza, kama mkojo ni mwekundu. Edinah alijua anachotaka kuuliza sasa. Alikuwa amewasikia matabibu wakiuliza wagonjwa wengine: uvimbe uko wapi, kwapani au kwenye kinena, hebu nione. Hayo si maneno ya mkwe. Alimsikia akikohoa, akianza, akiacha.

"Agneta," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya chini. "Mama huwakagua wenzake wakishuka mlimani. Muulize ni nani alimkagua yeye."

Agneta hakulirudia swali hilo. Aliketi tu ukingoni mwa kitanda, akangoja.

Bata walikuwa wakinywa maji chini ya mfereji. Edinah aliwasikiliza kwa muda mrefu. Alifikiri kwamba angeweza kusema "Wahu," na swali lingeisha, na mtu yule angeondoka na heshima zake zote. Na yeye angebaki hapa na joto hili linalompanda mpaka kwenye meno. Alimtazama binti yake, akaona jinsi alivyokuwa akiufinyafinya upindo wa blanketi, kama alivyofanya utotoni ng'ombe alipokuwa anakufa.

"Funga dirisha," alisema. "Ulete tochi."

Agneta alifunga. Aliinua blanketi, akainama, akavuta pumzi. Kisha akalifungua dirisha kidogo, kiasi cha maneno kupita.

"Kuna kidonda. Kidogo, lakini katikati ni cheusi kabisa, kama mtu amezima sigara hapo. Kando yake pekundu. Na kuna tezi zimevimba karibu."

"Vipele vingine mwilini?"

"Vichache. Miguuni."

"Huo weusi umekauka ama una usaha?"

"Umekauka."

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Mgonjwa mwingine ningemtazama mwenyewe," Bramwel alisema. "Leo macho yangu ni yako. Tazama tena."

Alitazama tena. Ni vile vile, alisema.

Edinah alihisi aibu ikimwagika kichwani kama maji. Alingoja kicheko. Kilichokuja ni mlio wa mkoba ukifunguliwa.

"Mwambie Mama hii si malaria. Ni homa ya kupe. Nimewaona wachungaji wengi nayo, na wawindaji wa asali. Dawa yake iko, na niko nayo. Hizi kapsuli ni asubuhi na jioni, maji mengi, asizimeze na maziwa, na akishameza asilale papo hapo. Lakini ikifika kesho jioni bado anachemka, simngoji akubali. Nitaleta gari la Webuye hapa mlangoni."

"Mama, umesikia?"

"Mwambie," Edinah alisema, akatafuta neno, "mwambie huyo kupe alinishinda ujanja."

Nje kikatoka kicheko kifupi, cha mtu aliyekifunika kwa mkono, na Edinah akashangaa kwamba hakikumuuma.

Usiku ule mvua ilinyesha. Karibu na mapambazuko aliamka amelowa jasho, kichwa chepesi kama kibuyu kitupu, na akatamani uji. Agneta alipoleta bakuli alimkuta ameketi.

"Piga simu kwa Wahu," Edinah alisema kati ya vijiko viwili. "Umwambie ni kupe. Umwambie kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia, hata mpishi. Wakitaka kucheka, wacheke."

Bramwel alipita kabla ya kwenda kazini. Aliuliza habari kutoka kwenye ua, Agneta akamjibu, naye akasema vizuri, aendelee na dawa hata akijisikia mzima, asiache katikati. Kisha mlio wa baiskeli ikigeuzwa.

Edinah aliweka bakuli chini. Alijifunga leso, akashika ukuta, akaenda hadi mlangoni kwa miguu iliyotetemeka kama ya ndama. Alisimama kwenye kizingiti, akatazama.

Bramwel alikuwa mfupi kuliko alivyomdhania. Bega la kushoto lilishuka kidogo. Suruali ilikuwa na matone ya tope hadi magotini, na alipofika kwenye dimbwi aliibeba baiskeli begani, akavuka kwa ncha za vidole ili asichafue viatu, kwa uangalifu mwingi, kama mtoto aliyeonywa na mama yake.

Bila shaka alikuwa ameusikia mlango. Hakugeuka. Wala hakupanda baiskeli, ingawa ng'ambo ya dimbwi njia ilikuwa nzuri na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Aliisukuma tu, polepole, katikati ya njia, mahali pa kuonekana, hadi njia ilipopinda kwenye mahindi.