Nyuki wa Ukuta wa Kanisa la Tarrawong

Moto ulipita bonde la Tarrawong mwezi wa Januari. Ulipomaliza, Noelene Pascoe na mumewe Clive walibaki na pikapu moja, mbwa mmoja, na mikono ya Clive iliyoungua mpaka vidole vikakataa kukunjika. Nyumba ilikwenda. Mizinga sitini na miwili ya nyuki ilikwenda pia, nta ikitiririka na kuwaka kama mafuta ya taa. Upande ule wa mto kilichosalia ni kanisa lao dogo la mbao, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini, maana nyasi ziliungua hadi kwenye ngazi zake.

Walipewa karavani, kijumba cha kuvutwa na gari, wakaiegesha palepale palipokuwa na nyumba. Majira ya baridi yakawakuta humo. Kwa miaka arobaini Clive alikuwa mtu wa kuacha chai ipoe mezani akatoka kutazama nyuki. Sasa alishinda kitandani akitazama ukuta wa plastiki. Noelene yeye hakujaliwa kukaa. Kila asubuhi alimpaka mumewe dawa mikononi, akamvisha glavu nyeupe za hospitali, akamsomea Neno, kisha akaomba kwa sauti kubwa kana kwamba Mungu yuko ng'ambo ya mto.

"Unajisumbua bure, Nol," Clive alimwambia. "Huko juu hakuna anayesikiliza."

"Basi naongeza sauti," Noelene alijibu, akaongeza.

Hakuwa mtu wa kujidanganya. Alilia alipotaka kulia, mara nyingi ndani ya pikapu, akamaliza, akapenga, akaendelea na kazi. Lakini lilikuwepo jambo moja aliloliamini kama anavyoamini ardhi aliyokanyaga. Huku kwao Pasaka huja majani yakidondoka, na mwaka ule ilikuja juu ya majivu. Waumini kumi na mmoja waliimba kwamba Bwana amefufuka, na nje ya dirisha hakikufufuka hata kijani kimoja. Noelene aliimba vilevile. Sisi tunatangulia kuimba, alijiambia, vilima vitajibu baadaye.

Mwezi wa Septemba vilima vikajibu. Mikaratusi iliyosimama myeusi kama nguzo za mkaa ikaota majani kwenye mashina yenyewe, majani mekundu na mabichi yaliyobana kama manyoya. Kando ya mto migunga ikafunguka maua ya njano tupu. Noelene alifungua mlango wa karavani, akamwambia mumewe atazame.

"Miti hiyo," Clive alisema. "Miti haijui lolote." Akageukia ukuta.

Siku ya Jumatano akaja Merv Hatherley, mzee wa miaka themanini na mitatu, mwangalizi wa kanisa. Jicho lake moja lilikuwa limevimba mpaka limefunga.

"Mungu wangu, Merv! Nani kakupiga ngumi?"

"Nyuki," Merv alisema, akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wamo ukutani, nyuma ya mimbari. Jumapili nimesimama nasoma, nao wakaja kusoma. Sasa Jumapili hii kitukuu changu anabatizwa, na wajukuu zangu wanasema tumwage sumu, tumalize."

"Sumu!" Noelene aliweka birika chini. "Bonde zima halina nyuki wa kuchavusha mtofaa mmoja, nyie mnataka kumwaga sumu!"

Wote wawili wakamtazama Clive.

"Msinitazame mimi," Clive alisema. "Mimi sina mikono."

"Mdomo unao," mkewe akamjibu.

"Niache, Nol."

Akamwacha. Akamgeukia Merv. "Jumamosi nitakuja mimi."

"Umewahi kutoa nyuki ukutani?"

"Nimewahi kumpikia anayewatoa. Kwa miaka thelathini na saba."

Merv alicheka mpaka jicho likamuuma.

Jumamosi jua lilitoka safi. Noelene aliazima vazi la nyuki, bomba la kuwapulizia nyuki moshi na sanduku la mzinga kwa mtu wa bonde la pili, akafika kanisani saa nne. Alibisha ukuta kwa kifundo cha kidole mpaka akasikia mahali panapovuma. Akang'oa ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Masega yalining'inia mle marefu kama mlango, ya chini meupe na mapya, ya juu yamekolea kahawia, na nyuki wamejaa juu yake kama koti zito.

Akapuliza moshi, kisha akapuliza zaidi. Akaingiza kisu kando ya sega la kwanza, akakata. Sega likakatika vibaya, likaanguka sakafuni, asali ikatapakaa, na nyuki wakamjia wote kwa pamoja. Watatu waliingia chini ya wavu wa kofia, wakamchoma shingoni. Alitoka nje akijikwaa, akavua kofia, akasimama kwenye ngazi akihema.

"Bwana," alisema, "hapa umenileta wewe. Sasa usinitazame tu."

Alipoinua macho aliona mtu anakuja barabarani kwa miguu, mbwa akimtangulia. Kutoka karavani mpaka pale ni kilomita nne. Clive alikuwa amevaa suruali ya kulalia na makoti mawili, mikono yake yenye glavu nyeupe ameitanguliza mbele kama amebeba sinia.

"Moshi wako nauona tangu darajani!" alifoka hata kabla hajafika. "Unataka kuchoma kanisa ambalo moto wenyewe uliliacha?"

Noelene alishika shingo yake iliyovimba, akashindwa kujizuia kucheka. "Umechelewa," alisema.

"Vaa kofia yako. Ingia."

Clive mwenyewe aliingia hivyohivyo, uso wazi. Akasimama kando ya ukuta, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akaanza kusema, polepole, kwa sauti ambayo Noelene hakuwa ameisikia tangu Januari.

"Moshi mara mbili tu, basi. Ngoja. Subiri washuke. Sasa kata juu, si kando, juu kabisa, linapoanzia. Tanguliza kiganja chini yake. Hivyo. Lishike kama unamtoa mtoto kwenye maji. Usiwe na haraka, hawana treni ya kuwahi."

Sega moja baada ya jingine, mke alikata, akalifunga kwenye fremu ya mbao kwa raba, akaliweka sandukuni. Mume aliona, akasema. Mke alipokosea mume alimgombeza, na mke akamgombeza pia. Saa mbili zikapita hivyo. Kwenye sega la sita Clive akanyamaza katikati ya neno.

"Nini?" Noelene aliuliza.

"Usitikise. Sogeza kwenye mwanga."

Katikati ya nyuki alitembea malkia, mrefu na wa polepole, na mgongoni alikuwa na nukta ya rangi ya bluu, imefifia upande mmoja.

"Rangi hiyo nilimtia mimi," Clive alisema. "Huyu ni wangu, Nol. Lile kundi lililoondoka Oktoba mwaka jana, nikalitafuta siku tatu. Nilikutukana wewe eti uliacha sanduku bila nafasi, nyuki wakahama."

"Ulinitukana kweli."

"Walikuwa humu. Siku ile ya moto walikuwa humu humu."

Noelene alimteremsha malkia sandukuni na sega lake, akafunika. Nyuki wengine walianza kumfuata wenyewe, wakiingia kwa safu kama watu wanaorudi kwao jioni. Alipogeuka, Clive alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, glavu nyeupe magotini.

"Uliniambia tupakie mizinga siku moja kabla," alisema. "Gari lilikuwepo. Nikasema upepo utageuka."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja.

"Najua ulichosema. Nilikuwepo."

"Na nyumba tungeiwahi, kama nisingerudi kuhangaika na mizinga. Na mikono hii."

"Clive. Mimi nilikusamehe tangu Februari. Hukuuliza tu."

Clive akaelekeza kidevu chake juu, kwenye boriti za paa. "Na yeye?"

"Muulize mwenyewe. Uko nyumbani kwake."

Noelene akatoka, akamwachia nafasi. Aliketi kwenye ngazi, akamimina chai ya chupa, akampa mbwa kipande cha mkate. Kutoka ndani alisikia sauti ya mumewe ikipanda na kushuka, mara kali, mara ikikatika, na hakutega sikio. Mbele yake kilima chote kilikuwa kimevaa yale manyoya mabichi. Alifikiri kuhusu malkia yule, akafurahi naye sana, lakini hakutaka kumtwisha zaidi ya anachoweza kubeba. Hata kama mle ukutani kungekuwa na panya watupu, Jumapili angekuja kuimba. Kaburi la Bwana lilikuwa tupu mwezi wa Aprili, bonde likiwa jeusi, na lilikuwa tupu sasa.

Jumapili tundu la ukutani lilizibwa kwa shuka. Mchungaji Vakalahi, Mtonga mkubwa wa kutoka visiwani, mwenye sauti ya kufungua milango, alimbatiza kitukuu cha Merv, naye mtoto akapiga kelele kuliko yeye. Nyuki wanne au watano waliobaki nyuma walizunguka bakuli la maji, wakanywa, hawakumchoma mtu. Merv aliwafuata kwa jicho lake zima, hakuwaamini hata kidogo.

Wakati wa ushirika Clive alikwenda mbele na wenzake. Alijaribu kupokea kikombe, mikono ikakataa. Mchungaji alikishika yeye mwenyewe, akamnywesha, akampangusa ndevu kwa pindo la mkono wa vazi lake. Watu wengine walitazama chini. Noelene alitazama waziwazi, machozi yakimtoka, kwa sababu alikuwa ameliomba jambo hilo kwa miezi minane na hakutaka limpite.

Baada ya ibada walikula skonzi na jamu uwanjani. Alipomkuta mumewe tena alikuwa katikati ya wanaume, anawaeleza unene wa mbao anazozitaka.

"Tuanze na mizinga sita," Clive alimwambia mkewe.

"Kumi."

"Sita, mwanamke. Nani atapigilia misumari?"

"Mimi. Na Merv, jicho likifunguka. Wewe utafoka tu, hiyo kazi unaiweza."

Kufikia Krismasi mizinga ilikuwa minne yenye nyuki na sita mitupu inayosubiri. Msingi wa nyumba ulikwisha chimbwa, na Clive alikuwa amegombana na kila fundi wa bondeni juu ya upande ambao dirisha la jikoni litatazama.