Milimita za Kila Asubuhi

Kila asubuhi fundi cherehani alisimama mbele ya kioo cha wateja, akashikiza mkanda wa kupimia kwenye tundu la sikio, akaupitisha shavuni mpaka ncha ya mdomo wa juu. Namba aliiandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho. Wiki sita baada ya upasuaji, namba ilikuwa imepungua milimita nne, na roho yake ilikuwa mkononi.

Alizaliwa na mdomo uliopasuka. Ulishonwa akiwa mchanga, ukafunga vizuri, ila taya la juu lilidumaa na uso ukabonyea katikati. Miaka ishirini na minne alicheka kiganja kikiwa mdomoni. Madaktari walilikata taya, wakalisogeza mbele, wakalibana kwa vyuma vidogo. Sasa, aliamini, lilikuwa linarudi lilikotoka. Hakumwambia mtu. Akisema, watamkata tena.

Siku ya kliniki shangazi yake, aliyemfundisha kushona, alimfuma mkanda ungali shavuni.

"Wewe! Unajishonea barakoa?"

"Shangazi, linarudi." Akamsogezea daftari.

Shangazi alivaa miwani. "Ulianza kupima lini?"

"Siku ya nne."

"Umevimba kama puto? Mwanafunzi wangu mimi! Ungempima mteja na koti lake?"

Nusura acheke. "Na kama siyo uvimbe?"

Shangazi akavua miwani, akachukua mkoba na kumshika mkono kuelekea kliniki.

Kliniki, shangazi alimpa daktari daftari, naye akalaza picha mbili za eksirei, ya baada ya upasuaji na ya siku hiyo, moja juu ya nyingine, kwenye skrini. Akafuatisha kingo za taya kwa kalamu.

"Mfupa uko pale pale tulipouacha," daktari alisema. "Kilichopungua ni uvimbe. Lakini nisikudanganye. Mfupa ulikwenda mbele milimita saba, mdomo umeufuata kama nne tu. Kovu la utotoni ni gumu, halivutiki. Na pua imetanuka kidogo. Uso utatulia baada ya miezi sita, pengine mwaka."

Fundi aligusa kovu lake. Aliijua nguo ya namna hiyo: ukivuta bitana ya ndani, kitambaa cha juu kinafuata mpaka penye kiraka, kisha kinagoma.

"Kwa hiyo sikatwi tena?"

"Taya, hapana. Ukitaka mdomo urekebishwe baadaye, utaamua mwenyewe."

Walirudi kwenye chumba chao cha kushonea. Fundi alichana ule ukurasa wa mwisho, kisha akauvua mkanda shingoni na kumpa shangazi.

"Kaa nao miezi sita."

"Na wateja utawapima kwa macho?"

"Utawapima wewe. Mimi nikiushika tu, nitaufikisha sikioni."

"Haya, bosi. Na chai nikuletee mezani?"

Fundi akacheka. Mkono ukapanda kwa mazoea kuufunika mdomo, ukafika kifuani, ukasita hapo, haujui uende wapi.