Jina Chini ya Tangazo

Kepueli alianza kumshuku mpishi siku ile tangazo la kwanza lilipotoweka, na mtu huyu shuku ikishamwingia huitoi hata kwa maji ya moto.

Alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia, katika meli ya abiria iendayo visiwa vya Ha'apai na Vava'u kutoka bandari ya Nuku'alofa. Juu ya kazi ya kamba na nanga, alikuwa ametwishwa nyingine: takataka. Yeye ndiye wa kuwaambia abiria kwamba plastiki haitupwi baharini popote, wala mabaki ya chakula hayatupwi meli ikiwa karibu na nchi. Matangazo yenye maneno hayo, na picha ya nepi na chupa zilizopigwa mstari mwekundu, aliyabandika sitahani, jikoni na vyooni. Chini ya kila moja, kama mwenye meli alivyotaka, liliandikwa jina la mhusika: Kepueli Taufalele.

Akibandika, yanang'olewa. Na abiria wasiposoma kitu, wanatupa. Ufuo wa kisiwa cha Lifuka, njiani mwao, ulikuwa umejaa vifuko vya tambi na nepi za melini, na mkaguzi wa bandari alikuwa amemwambia nahodha mbele ya mabaharia wote, "Nikija tena nikakuta kuta tupu, tafuta serahangi mwingine." Kepueli alikuwa amesugua ngama, maji machafu ya tumboni mwa meli, miaka na miaka kabla ya kupewa filimbi ya userahangi. Kurudi huko chini aliona afadhali afe.

"Kumbe unabandika tena?" Hopoate, mpishi, alitoa kichwa mlangoni mwa jiko asubuhi ile, mkononi kiazi kikuu na kisu.

"Nabandika. Na safari hii nina macho."

"Macho unayo siku zote, bwana. Kuona ndiyo kazi."

Mabaharia wakacheka. Kepueli alipogeuka wakanyamaza wote, mmoja akajitia kukagua kamba isiyokuwa na kasoro. Kimya kile kilimchoma kuliko kicheko. Wanajua nini hawa? Na kwa nini kila akitaja matangazo wanatazama vidole vya miguu yao?

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Hopoate ndiye aliyekuwa serahangi kabla ya kuumia goti na kupelekwa jikoni. Nani mwingine angefurahi Kepueli akianguka?

Abiria walipoanza kupanda, akaja Shangazi Tokilupe, dada mkubwa wa marehemu baba yake, mkeka wa heshima kiunoni na mikeka mingine imeviringwa nyuma yake. Anakwenda msibani kwa meli hii, kama kawaida. Ukoo ule haukumpa likizo. Kwa desturi yao dada wa baba ndiye mwenye heshima kuu: kila msiba hukaa mbele na mikeka iliyo bora huwa yake. Akimtaka nguruwe wa mtoto wa kaka yake, hufungiwa kamba akaondoka naye. Hakuna mtoto wa kaka anayemjibu, wala anayegusa mzigo wake asipoagizwa.

"Umekonda, mwanangu," alisema. "Hii kazi inakula jina lako na mwili wako."

"Nitanenepa, shangazi." Akamtandikia mahali penye kivuli, karibu na ukuta wa tangazo.

Nchi ilikuwa bado inaonekana nyuma Kepueli alipopita tena sitahani akakuta ukuta mtupu. Vyooni, kutupu. Akaingia jikoni kwa kishindo, na juu ya meza, kando ya sufuria ya mihogo, akaona selotepu.

"Nimekukamata! Mwizi we!"

"Selotepu nafungia mifuko ya unga."

"Basi nani aliyeng'oa?"

Hopoate alitupa jicho nje, kule sitahani walikoketi abiria, akalirudisha haraka kwenye mihogo yake. "Mimi sijui kitu. Na wewe usitake kujua."

"Unaitaka kazi yangu!"

"Kazi ya kulinda nepi? Kaa nayo, baba, mimi na mihogo yangu tumepatana."

"Tukifika bandari ya Pangai unashuka. Nitamwambia nahodha. Mchawi mkubwa we!"

Mabaharia walikuwa wamejaa mlangoni na wote walisikia. Hopoate aliendelea kumenya. Hakujitetea hata kwa neno moja, na Kepueli akaona hiyo ndiyo hatia yenyewe.

Pangai, mkaguzi alikuwa amekwishasimama gatini na kofia yake. Hapo hapo shangazi akaita. "Kepueli, nibebee."

Akainua mzigo wa mikeka. Kamba ikalegea. Matangazo yakamwagika miguuni pake, ya safari hii na ya zile zilizopita, yamekunjwa kwa adabu.

Shangazi hakushtuka. "Funga vizuri, yatalowa."

"Shangazi... haya ni yangu."

"Ndiyo maana nimeyachukua. Jina la babu yako chini ya picha ya nepi! Watu wanakojoa huku wanalisoma!"

Kepueli alitazama mlango wa jiko. Hopoate aliinamisha macho, na mabaharia wote wakainamisha yao. Wote walimwona mama yule akibandua. Walinyamaza wasije kumvunjia heshima, wala kumlazimisha yeye kujua jambo asiloweza kulikemea. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kumwomba shangazi arudishe kitu? Kwa mtoto wa kaka haikuwezekana.

Mkaguzi akapanda. "Matangazo yako wapi?"

Yalikuwa miguuni pa shangazi, ameyafunika kwa mkeka.

"Sikubandika," alisema Kepueli.

Nahodha alishusha pumzi, akanyoosha mkono apewe filimbi. "Hopoate, shika wewe."

"Nahodha, goti langu—"

"Goti halibandiki matangazo. Kazi unaijua. Jina lako litaandikwa."

Aliposikia hivyo, shangazi akafunua mkeka. "Karatasi hizi hapa, wanangu. Futeni hilo jina mwandike la huyo, mbandike. Matangazo mazuri, watu wasome."

Mkaguzi akamshukuru mama kwa msaada wake. Mbele ya Kepueli, Hopoate akafuta Taufalele kwa kalamu, polepole, karatasi moja baada ya nyingine, bila kuinua uso.

Shangazi alimshika Kepueli shavu. Macho yake yalikuwa na machozi ya furaha ya kweli. "Nimekuondolea aibu, mwanangu. Baba yako sasa amepumzika." Kisha akamkabidhi mfuko wa plastiki wenye mabaki yake ya njiani, mifupa ya samaki na kopo la nyama. "Mpelekee huyo mwenye jina sasa."

Kepueli aliupokea kwa mikono miwili, kama kinavyopokewa kitu cha shangazi, akaupeleka jikoni.