Kishikio cha Mama Milimita

Siku aliyokimaliza kile kishikio, Mama Milimita alikuwa amekaa kwenye chumba cha wachoraji cha kiwanda cha milango, miguu ameitoa kwenye viatu, mkono wa kushoto umeshika kipanya na wa kulia umelala mezani kiganja juu. Huo wa kulia ndio aliokuwa akiuchora uwe umbo la kishikio. Wiki kumi na moja alikuwa akiupima kwa rula na kuingiza vipimo kwenye kompyuta, kwa sababu mama mkwe wake, aliyevimba viungo vya vidole, alikuwa akikwama chooni kila mara kitasa cha mviringo kilipomshinda. Alitaka kishikio ambacho mtu akikigusa tu, mlango umefunguka.

Kilipokamilika akakihifadhi kama kiolezo kwenye maktaba ya programu. Kuanzia hapo, mtu yeyote aliyechora mlango angekivuta na kukidondosha juu yake, nacho kingejipanga chenyewe. Mlango mnene, kinarefusha skurubu. Mlango mwembamba, kinazifupisha, na matundu yanasogea yanapotakiwa. Kazi ya siku mbili ikawa ya kubofya mara mbili.

Ijumaa meneja akamwita.

“Mama, umetusaidia sana,” alisema. “Sasa kwa kuwa kishikio kinajichora chenyewe, hatuoni sababu ya kuendelea kukusumbua.”

Akampa mkono wa kwaheri. Ulikuwa laini, wa majimaji, ukaachia kabla haujashika. Mama Milimita alipotoka getini, meneja akafungua kile kiolezo na kwenye nafasi ya jina la mbunifu akafuta la mama, akaandika lake. Habari hiyo ililetwa nyumbani na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akipaka rangi milango kiwandani hapohapo.

Wiki tatu baadaye, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Mama Milimita alikuwa akimenya viazi pale mlango wa kwanza wenye kishikio chake, ule wa zahanati, ulipofunguliwa. Mkono wake wa kulia ukashikwa. Kiazi kikaanguka. Aliuminya mkono uliomshika, mara mbili, kama anavyomsalimia mtu yeyote, nao ukaachia. Dakika moja baadaye ukaja mwingine.

“Zahanati imefunguliwa,” alimwambia mumewe, aliyekuwa fundi saa.

Mume akaja kumshikia viazi. “Umeajiriwa tena,” alisema. “Safari hii bila hata barua.”

Watu wa upande wa pili walisema kishikio kina vuguvugu na kinaminya kidogo, kama mwenyeji anayekukaribisha ndani. Aliyelalamika ni msimamizi wa zahanati peke yake, kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa wakitoka nje na kuingia upya ili wasalimiwe tena, na foleni ikawa haisogei.

Miezi ikapita, milango ikawa mia tatu na arobaini. Mama Milimita aliitambua kwa unene: wa milimita arobaini ni zahanati, thelathini na tano ni ofisi ya posta, na kadhalika. Akazoeana na watu. Kulikuwa na mwalimu mwenye chaki vidoleni. Kulikuwa na mhudumu aliyebeba masinia mikono yote miwili na kufungua kwa kiwiko. Huyo alimminya kiwiko. Jikoni kwake mambo yalikwenda polepole zaidi, lakini hakuwahi kukosa mtu wa kumsalimia.

Aliandika barua moja kiwandani, akaomba jina lake lirudishwe. Alijibiwa kwamba kiolezo ni mali ya kampuni, na kwamba jina ni kijisehemu kidogo tu cha mchoro.

“Kijisehemu!” wifi akafoka. “Sasa mbona kilimkosesha meneja raha mpaka akakifuta?”

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, Mama Milimita alikuwa akianika mashuka. Mkono wake ukashikwa, na haukuachiwa. Akasikilizia unene. Milimita sitini. Mlango wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, ule wa kuzuia moto kwenye stoo ya rangi kiwandani. Kiganja kilichomshika kilikuwa laini, cha majimaji.

“Ni meneja,” alimwambia mumewe. “Kitasa kimegoma, yuko ndani.”

“Na leo kiwandani kuna nani?”

“Hakuna mtu.”

Aliliangalia shuka lililobaki kwenye beseni. Akalianika lote, kwa mkono mmoja, akiwaza. Kisha akampigia simu wifi yake, mwenye funguo za stoo.

“Mwache akae na ile harufu hata saa moja,” wifi alisema, “aonje tunachovuta kila siku.”

“Anatetemeka, wifi yangu. Nenda.”

Ilichukua dakika arobaini. Mama Milimita aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono ameunyoosha mbele. Kila vile vidole vilipolegea, alivibana kwa nguvu zake zote mpaka vikashika tena. Mumewe alimfuta jasho. Mara ya mwisho vilichelewa sana kushika, naye akajikuta anaita kwa sauti, “We baba, usilale!” Majirani wakachungulia ukutani, wakaona anamshika mtu kama kawaida yake, wakarudi kwenye shughuli zao.

Wifi alifika jioni na habari kamili. Meneja alikuwa amekaa sakafuni, mweupe kama chokaa, kishikio bado amekikamata.

“Akaniambia, ‘Kimenishika muda wote, hakikuniachia.’ Nikamwambia aliyekushika namjua, yuko kwake anaanika mashuka. Unajua alinijibu nini?” Wifi akatoa kifua mbele, akakohoa kimeneja. “‘Ndiyo faida ya ubunifu mzuri. Nilijua tangu siku niliyokibuni.’”

Walicheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna nini, wakamsimulia, akacheka kuliko wote.

Jumatatu yake meneja alipigwa picha kando ya mlango. Kwenye kiolezo jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa zaidi, na yeye mwenyewe akaagiza kidondoshwe kwenye michoro ya milango ya shule ishirini na sita.

Shule zilipofunguliwa, Mama Milimita aliamka mapema, akaoga, akakaa barazani. Saa moja na nusu wakaanza kuja: mikono midogo, ya moto, inayonata. Wengine walikuja wawiliwawili. Wengine walining’inia na kubembea.

“Wangapi?” mumewe aliuliza.

“Nimeshapoteza hesabu. Ngoja, huyu kaniletea tope.”

Alifuta kiganja kwenye gauni lake, halafu akakifungua tena, akiwasubiri waliochelewa.