Ng'ambo ya Mama

Siku aliyotoka gerezani, majirani walimpokea kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. Mwanzoni hakuelewa. Alikuwa amebeba mfuko wa nailoni wenye nguo chache, na suruali aliyokamatwa nayo ilikuwa inampwaya kiunoni, pale mwoka keki wa nyumba ya pili alipotokeza kichwa dirishani na kupaza sauti.

"Karibu nyumbani, Mng'ambo! Baridi ya huko ndiyo imekukondesha hivyo?"

Mama yake, aliyetangulia mbele na funguo mkononi, alimjibia. "Chakula cha huko hakina ladha, mwanangu. Wanakula ilimradi siku ipite."

Mlango ulipofungwa nyuma yao, mama akamweleza huku akivua viatu. Polisi walimkamata chumbani alikopanga, upande wa pili wa mji, kwa hiyo hapa mtaani hakuna aliyeona kitu. Watu walipoanza kuuliza mbona kijana haonekani, alisema amepata masomo ya kompyuta ng'ambo. Walipouliza nchi gani, alichagua yenye theluji, maana hakukuwa na jirani aliyewahi kuiona theluji akaweza kumbishia. Kuanzia hapo uongo ukawa kama mtoto mchanga, kila siku unataka kulishwa. Mama akampa shahada, akampa kazi kwenye kampuni kubwa, na kuna mwaka ilibaki kidogo ampe na mchumba. Kila alipokwenda kumtembelea gerezani, aliaga kwamba anakwenda kliniki ya macho.

"Mpaka leo watu wananipa pole ya macho," alisema. "Kwa hiyo na wewe, tafadhali, usiniaibishe."

Mama alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa ule walitua mikononi mwake kabla ya kutua mikononi mwa mama zao, na heshima hiyo ndiyo mali pekee aliyostaafu nayo. Mwanawe alikubali kunyamaza. Ilikuwa kichekesho, lakini hakuwa na mtu wa kumsimulia: yeye aliyefungwa kwa kujifanya watu wengine mtandaoni, sasa alitakiwa kujifanya mwenyewe.

Masharti ya kuachiliwa kwake yalikuwa mafupi. Kwa miaka mitatu asiguse kompyuta, wala simu yoyote yenye intaneti. Alinunuliwa simu ndogo ya vitufe, na afisa aliyepewa jukumu la kumfuatilia akamtafutia kazi kwa fundi wa makochi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na mba nyingi. Siku ya kwanza alimwonyesha karakana kwa mkono: magunia ya sponji, marobota ya vitambaa, springi zilizoning'inia ukutani. "Nimeambiwa wewe na mitandao hamtakiwi kuonana," alisema. "Hapa usiwe na wasiwasi. Mtandao pekee humu ndani ni wa buibui."

Kazi yake ilikuwa kuvua makochi ya zamani. Alipindua kochi miguu juu, akang'oa pini moja moja kwa koleo, akachana kitambaa, akatoa sponji iliyosagika kama mkate mkavu. Ndani mlikuwa na vitu vya watu: vifungo, kalamu, chanuo, na safari moja meno ya bandia ambayo mwenyewe aliyakana mbele ya mkewe. Kijana hakuipenda kazi ile, wala hakuichukia. Mchana wakati wa kupumzika, vidole vyake vilicheza juu ya paja kama vinaandika, na alipogundua alivikalia.

Majirani walimletea simu zao. Hii haishiki chaji, hii imejaa, hii mtoto ameifunga kwa namba asiyoikumbuka. Yeye aliweka mikono mfukoni na kusema, "Samahani, mambo hayo nimeacha." Mama aliongeza kwamba mwanawe ameichosha akili ng'ambo, daktari kamwambia apumzike. Mtaani wakahitimisha kwamba Mng'ambo anaringa. Mtu amesoma nchi za watu, akarudi kung'oa pini, na bado anajiona!

Hali ilikwenda hivyo hadi Jumamosi moja alasiri. Mama alikuwa sebuleni na shoga zake wawili, wanakunja nguo zilizokusanywa kwa ajili ya wodi ya wazazi. Mwoka keki akaingia bila hodi, unga umemjaa hadi kwenye viwiko, anahema.

"Mng'ambo, nisaidie. Wamenichukua!"

"Nani kachukuliwa?" mama akauliza.

"Mimi! Yaani, akaunti yangu. Kuna mtu ameingia humo, anawaandikia wateja wangu, ndugu zangu, kila mtu, anajifanya mimi."

Ilikuwa hivi. Asubuhi mteja wa kawaida alimwandikia kwamba ametuma tarakimu fulani kwenye simu ya mwoka keki kwa bahati mbaya, amsomee tafadhali. Akampa. Mteja mwenyewe naye alikuwa ameshaibiwa tangu jana yake. Sasa mwoka keki hakuweza tena kuingia kwenye akaunti yake, na dada yake alikuwa amemtumia picha ya ujumbe ambao watu walikuwa wanaupokea kwa jina lake. Aliisogeza simu mbele ya uso wa kijana.

"Jamani nimelazwa gafla, sauti imekauka siwezi kupokea simu, niandikie tu apa apa."

Aliusoma mara moja, akausoma tena. Herufi zilizokosekana hazikuwa makosa. Yeye ndiye aliyeziondoa, zamani, chumbani kwake, akiwaza kwamba mgonjwa hana muda wa kusahihisha maandishi. Sauti kukauka ilikuwa yake pia. Siku ile aliona ni wazo zuri sana. Alikuwa ameugawa ujumbe ule kwa wenzake wawili, na wenzake walikuwa na wenzao. Aliutazama jinsi mtu anavyotazama shati lake mwilini mwa mtu asiyemjua.

"Mwanangu anapumzika," mama alisema. "Nenda kwa vijana wa dukani."

"Hata shida kama hii?" Mwoka keki alimgeukia kijana. "Sasa ulisoma huko kwa faida ya nani?"

Kijana alimwangalia mama. Mama alitikisa kichwa kidogo, kitendo cha mkunga anayemwambia mzazi asisukume kwanza.

"Sikuwa ng'ambo," alisema. "Nilikuwa gerezani. Nilikuwa naibia watu kwa njia hii hii. Nimekatazwa kuigusa simu kama hiyo, ndiyo maana nawakatalia. Lakini ukikaa hapo, nitakwambia cha kubonyeza."

Shoga mmoja alibaki na kijiblanketi hewani, nusu kimekunjwa. Mwoka keki alimwangalia kijana, akaiangalia simu yake, akavuta kiti.

"Kwa hiyo unajua kweli," alisema.

Kijana alisimama akitazama ukuta, mikono nyuma kama alivyofundishwa kusimama gerezani, akaanza kuelekeza. "Kwanza mpigie dada yako, mwambie awaarifu watu wasitume kitu. Halafu omba tarakimu mpya. Zikija, usimsomee mtu yeyote. Hata mimi."

"Zimekuja."

"Ziandike mwenyewe. Inasema nini?"

"Inasema nisubiri."

"Basi subiri. Na huyo mwizi naye anasubirishwa hivyo hivyo."

Akaunti ilirudi kesho yake. Shangazi yake mwoka keki, hata hivyo, alikuwa ameshamtumia mgonjwa wa uongo pesa ya dawa, na hiyo haikurudi.

Jumatatu kijana alikwenda kwa afisa wake bila kuitwa. Afisa, mwanamke mwenye meza ndogo na mafaili mengi kuliko meza, alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliigusa?"

"Sikuigusa."

"Uliitazama wakati anabonyeza?"

"Nilitazama ukuta."

Afisa alifikiri. "Amri haisemi chochote kuhusu ukuta. Lakini lazima niripoti, na wakubwa watakupa onyo."

"Sawa. Kuna kingine. Ule ujumbe niliuandika mimi, miaka ile. Ni maneno yangu."

Afisa aliacha kuandika.

"Mimi nilifungwa," kijana alisema, "yenyewe yakabaki nje."

Afisa hakuwa na fomu ya jambo hilo. Alimwambia arudi kazini.

Nyumbani mama hakusema naye kwa wiki kadhaa, isipokuwa mara moja, akimwekea sahani mezani. "Mimi nilikujengea nyumba ya maneno," alisema. "Wewe umeitia kiberiti mchana kweupe, na wageni wamo ndani."

"Nisamehe, mama."

"Kula."

Shoga zake hawakuja tena Jumamosi. Dukani watu walimuuliza mama kuhusu macho yake kwa sauti iliyokuwa na kicheko chini yake, naye akaanza kumtuma mwanawe dukani. Kijana waliendelea kumwita Mng'ambo. Wengine waliacha kumsalimia. Wengine, kwa sababu asizozielewa, ndiyo kwanza walianza. Kazini hakuna kilichobadilika. Fundi alisikia habari yote, akamkabidhi kochi la kona.

Mwoka keki hakuja kushukuru. Alikuja mwanamke mwingine, wa mtaa wa nyuma, ambaye mama alimfahamu kwa sura tu. Alisimama mlangoni akizungusha mkanda wa mkoba wake, akasema samahani mara kadhaa kabla ya kulifikia alilolijia. Binti yake alikuwa amehukumiwa juzi. Jumapili ndiyo siku ya kumwona kwa mara ya kwanza, na hakujua mtu abebe nini, aingilie wapi, asemeje.

Kijana alikuwa uani anafua. Aliyasikia yote, akadhani mama atamfukuza mgeni.

"Sabuni itoe kwenye karatasi yake," mama alisema hatimaye. "Ukiipeleka na karatasi wataikata vipande. Nguo zisiwe na zipu. Wewe mwenyewe usivae chochote chenye chuma, hata pini ya nywele, watakurudisha getini. Na nenda mapema, ukae upande wenye kivuli, kuna ukingo wa saruji pale. Akitoka, usianze kulia. Ukianza wewe, naye ataanza, na muda wenu utaishia hapo."

"Nitaweza kweli, dada?"

"Utaweza. Mimi nilikuwa namhesabu vidole kwa macho, kama mtoto mchanga. Basi napata kitu cha kufanya."

Mgeni alianza kulia pale pale. Mama alimwacha alie, kisha akaita kuelekea uani, kwa sauti yake ya zamani ya wodini.

"Wewe! Acha hizo nguo. Njoo umweleze mama huyu yule mlinzi wa zamu ya asubuhi anataka aongeleshwe vipi."

Kijana alikamua shati alilokuwa nalo, akajifuta mikono, akaingia ndani.